Smati bendi inaonesha simu zikipigwa ila meseji haileti kabisa, nimekosea wapi?

#1 Mamu_Kimara
Wakuu kwema? Nina shida na hii smati bendi, hizi saa nyembamba za kuhesabu hatua, nimeinunua Kariakoo wiki iliyopita elfu 22. Mazoezi wala si lengo, mimi na kitambi tulishakubaliana. Shida yangu ni gari za asubuhi kutoka Kimara, mle ndani ukitoa simu usome meseji unaweza kushuka na kava tu, mwaka jana nilichomolewa moja hata rejesho lake sijamaliza. Nikasema basi simu ikae chini kabisa ya pochi, juu yake kontena la wali, juu yake mtandio, halafu meseji nazisoma mkononi kama mtu na akili zake.

Nimeskani ile QR ya kwenye boksi ikashusha aplikesheni yake, nikaiunganisha, saa ikajirekebisha yenyewe, hatua inahesabu, mtu akipiga inatetemeka na jina linatokea vizuri kabisa. Ila meseji hakuna. Si za kawaida, si WhatsApp. Kwenye aplikesheni kuna orodha ya WhatsApp, Facebook, Instagram, SMS, nimewasha zote ziko kijani. Simu ni Android 13. Nimemrudia muuzaji kanijibu "ndo zilivyo hizo, we angalia saa tu". Kuna aliyefanikiwa?

#2 Ngoja_Waje
Ngoja waje.

#3 kipara255
Elfu 22 ikusomee meseji, na shikamoo ulitaka ikuamkie?

#4 Fundi_Chogo
Mkuu hiyo saa haina kosa. Wengi wanadhani ukiwasha kile kitufe cha WhatsApp ndani ya aplikesheni umemaliza, kumbe hapo umeiambia tu "ukiona meseji ya WhatsApp nipelekee mkononi", hujaipa macho ya kuiona. Macho anatoa Android. Simu kupigwa ni ruhusa nyingine kabisa, ile ya kujua hali ya simu na kusoma majina, ndo maana kwako inakubali. Meseji zinapita mlango wake unaitwa ufikiaji wa arifa, upo tangu Android 4.3 ya 2013, na mlango huo haufunguliwi na kale kadirisha ka kuruhusu au kukataa, lazima uende mwenyewe kwa miguu yako. Ingia setingi, programu, tafuta ufikiaji maalumu, ndani yake kuna ufikiaji wa arifa, utaona orodha, washa aplikesheni ya saa. Ukipotea andika neno arifa pale juu kwenye kutafuta, na kama simu yako iko kwa Kiingereza basi andika la Kiingereza, usije ukanirudia hapa na "halipo".

#5 Zuzu_la_Mjini
Ya Chogo ni nusu. Mimi naona kaiunganisha moja kwa moja kwenye bluetooth ya simu. Hizi saa hazitaki hivyo, zinaunganishwa ukiwa ndani ya aplikesheni. Ikishajishikiza kule kwenye setingi za bluetooth aplikesheni inaikosa. Futa kule uanze upya.

#6 Fundi_Chogo
Zuzu, kama aplikesheni inaikosa hatua zinafikaje kwenye simu, na jina la anayepiga linafikaje kwenye saa? Soma uzi.

#7 Zuzu_la_Mjini
Nimesoma. Nilikuwa kwenye foleni lakini nimesoma.

#8 Babu_Waya
Vijana mnahangaika sana. Mimi nilianza na Mi Band, ile bendi ya Xiaomi, ya kwanza kabisa, 2014, nililetewa na shemeji, meseji nilikuwa nazisoma mkononi bila hizi habari za milango na madirisha.

#9 Mtu_wa_Bati
Babu, Mi Band ya kwanza haikuwa na kioo. Ilikuwa na vitaa vitatu basi. Kioo kimekuja na Mi Band 2 mwaka 2016. Ulikuwa unasoma nini?

#10 Babu_Waya
Vitaa. Kimoja mke, viwili bosi, vitatu mtu wa rejesho.

#11 Mamu_Kimara
Fundi Chogo asante nimefika huko kwenye ufikiaji wa arifa na jina la aplikesheni nimeliona, tatizo kitufe chake kimepauka, nikigusa inatoka maandishi kwamba kwa usalama wangu mpangilio huo haupatikani. Aplikesheni nyingine kwenye orodha zinakubali, ni hii tu.

Halafu mnaoniita mkuu, mi dada yenu jamani.

#12 kipara255
Shikamoo dada. Ile komenti yangu ya juu ilikuwa ya mdogo wangu.

#13 Mtu_wa_Bati
Hapo sasa ndo penyewe, na muuzaji hakukosea kwa ubaya, hajui tu. Kuanzia Android 13, aplikesheni uliyoiingiza kwa faili la APK, yaani uliyoshusha kwa QR ikatoka kwenye tovuti, au uliyotumiwa WhatsApp, au uliyorushiwa kwa Xender, simu haikuruhusu kuipa ufikiaji wa arifa wala ule ufikivu wa kusoma skrini. Imewekwa makusudi maana matapeli walikuwa wanakutumia kiaplikesheni cha mikopo halafu kinakaa pale kinasoma namba za siri za benki zinavyoingia. Saa yako imekumbwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya wezi.

Njia mbili. Ya kwanza, nenda setingi, programu, fungua hiyo aplikesheni, kulia juu kuna vidoti vitatu, humo utakuta sehemu ya kuruhusu mipangilio iliyozuiwa, itakuomba PIN au kidole, weka, kisha rudi kwenye ufikiaji wa arifa kitufe kitakuwa kimefunguka. Vidoti havitokei mpaka uwe umejaribu kwanza ukazuiwa, na wewe umeshazuiwa kwa hiyo vitakuwepo. Ya pili, futa hiyo, kaitafute hiyohiyo Play Store. Ya Play Store haizuiwi kabisa. Mimi ningefanya ya pili.

#14 Nesi_wa_Zamu
Namba 13 imeniokoa na mimi. Nina miezi mitatu navaa saa ya kuhesabia hatua wodini nikijua haina meseji, kumbe ina meseji. Sisi simu mkononi mbele ya mgonjwa ni kesi, ila ukitupa jicho mkononi mtu anadhani unapima mapigo.

#15 Mzee_Tanuru
Mimi nitasema ambalo hamtaki kusikia. Simu inamwambia "kwa usalama wako", nyie mnamfundisha kuzunguka. Ukitoa ruhusa hiyo, aplikesheni inaona kila arifa inayotokea kwenye simu, si za WhatsApp peke yake, za benki, za M-Pesa na salio lako, namba za kuthibitisha, mambo ya mumeo. Vile vitufe vya kijani ndani ya aplikesheni ni mapambo, vinaamua kipi kiende mkononi, haviamui kipi kisomwe. Na aplikesheni yenyewe mtengenezaji humjui. Na kwa nini iombe mahali ulipo? Saa inataka kujua naishi wapi ili ipate nini, ije kunitembelea?

#16 Mtu_wa_Bati
Mzee la arifa uko sahihi, yule akishapewa mlango anaona zote, sikubishii. La mahali ulipo umechanganya. Android 6 mpaka 11 aplikesheni yoyote ikitaka kutafuta kifaa cha bluetooth cha umeme mdogo ilikuwa lazima iombe ruhusa ya mahali, maana kwa kusikiliza vifaa vilivyo jirani mtu anaweza kukisia uko wapi. Kuanzia Android 12 imewekwa ruhusa yake inaitwa vifaa vilivyo karibu. Kwa hiyo kuombwa mahali kwenye simu ya zamani si ushahidi wa upelelezi. Kwenye simu mpya hapo ndo uulize maswali.

Na kuanzia Android 15 meseji zenye namba ya kuthibitisha zinafichwa, aplikesheni ya kawaida inayosoma arifa haizioni, kwa hiyo usije ukashangaa mwakani ukibadilisha simu kwamba saa inaleta zote isipokuwa za benki.

#17 Mzee_Tanuru
Sasa si afadhali wamenielewa huko kwa wenye Android kuliko humu.

#18 kebo_nyeusi
Kama hofu ni data kwenda nje tumieni aplikesheni ya Gadgetbridge badala ya ile ya saa. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, haina hata ruhusa ya intaneti kwa hiyo kinachosomwa kinabaki kwenye simu. Inakubali Mi Band na nyingine nyingi. Unaishusha F-Droid, lile duka la aplikesheni za aina hiyo. Kwa Mi Band kuanzia ya 4 utahitaji ule ufunguo wa saa, unaupata kwa kuiunganisha kwanza na aplikesheni yake rasmi halafu kuna namna ya kuuchomoa.

#19 kipara255
Dada kasema anataka kusoma meseji kwenye gari, wewe unampa kazi ya kuchomoa ufunguo wa saa. Hata vibaka hawachomoi hivyo.

#20 Pwani_Kisauni
Jamani huku Mombasa pia saa hizi zimejaa, mie yangu nilinunua Nairobi Luthuli, ikawa yaleta meseji siku mbili tatu kisha yanyamaza. Nikaambiwa ni simu inaiua ile aplikesheni nyuma kwa nyuma kuokoa betri. Nikaenda kwenye betri, nikaiweka isiwekewe vikwazo, na kwenye zile programu za hivi karibuni nikaifunga kufuli isifutike ninaposafisha. Tangu hapo haijalala. Dada Mamu angalia na hilo kabla hujahangaika bure.

#21 Fundi_Chogo
Sahihi, na hili kila simu ina jina lake. Samsung ni zile programu zinazolala na zinazolala fofofo, hakikisha ya saa haimo. Xiaomi kuna kujianzisha yenyewe, iwashe, na betri iwe bila vikwazo. Tecno na Infinix ingia Phone Master utafute sehemu ya kujianzisha. Kuna tabia moja mbaya tunayo Watanzania, mtu kila baada ya dakika tano anafungua programu za nyuma anazifagia zote "simu ipumue". Unaifagia na ya saa humohumo. Halafu unalalamika saa mbovu.

#22 Ngoja_Waje
Nimejifagilia sasa hivi nikisoma hii komenti. Mazoea.

#23 Mamu_Kimara
Jamani mrejesho. Nimefanya ya Mtu wa Bati njia ya pili, nikaifuta nikaishusha Play Store, kitufe kimekubali!! Meseji za kawaida zinaingia, leo asubuhi nimesoma meseji ya mtandao wa simu kuniuzia bando nikiwa nimesimama Ubungo mkono juu kwenye bomba, nilijisikia kama niko Ulaya. Ila WhatsApp bado. Nimemwambia mdogo wangu anitumie, kanitumia kumi, hakuna hata moja.

#24 Zuzu_la_Mjini
Unatumia GB, ile WhatsApp isiyo rasmi, sema ukweli.

#25 Mamu_Kimara
Situmii GB.

#26 Zuzu_la_Mjini
Wote husema hivyo. Naeleza kwa faida ya wasiotumia GB kama dada. Simu haiijui WhatsApp kwa jina lile la kijani, inaijua kwa jina la ndani la kifurushi. Ya kawaida ni com.whatsapp. GB ina jina lingine. Hizi aplikesheni za bei ya kawaida zenye orodha fupi, kile kitufe cha WhatsApp kinasubiri hilo jina moja tu, GB ikileta meseji wao wanaona mgeni wanampita. Leo sijasoma nikiwa kwenye foleni.

#27 Fundi_Chogo
Leo nakupa heshima yako.

#28 Mamu_Kimara
Sasa hapo umenigusa maana mimi natumia WhatsApp Business, nauza vitenge pembeni. Ndo yaleyale?

#29 Zuzu_la_Mjini
Yaleyale. Business nayo ina jina lake la ndani, si la WhatsApp ya kawaida. Angalia chini kabisa ya ile orodha kuna kitufe kimeandikwa nyinginezo, au sehemu ya kuongeza programu. Washa.

#30 Bi_Mchele
Mimi si mtaalamu ila naomba kusema langu. Mama yangu masikio yamepungua, simu inaita mpaka majirani wanakuja kumgongea. Kaka yangu akamnunulia saa kama hizi, tukazima kila kitu tukaacha simu na SMS tu, mtetemo ukaweka ule wa nguvu. Sasa hivi akitetemeshwa mkono anainuka na kwenda kuitafuta simu ilipo. Shida imebaki moja, kila ikitetemeka anadhani ametumiwa hela, na ikiwa ni meseji ya matangazo anampigia kaka kumuuliza mbona haijafika.

#31 kipara255
Hiyo si shida ya saa, kaka atume.

#32 dulla_betri
Ngoja niulize, dada ulipojaribu na mdogo wako simu ulikuwa umeishika imewaka? Maana kuna aplikesheni zina setingi ya kuleta arifa skrini ya simu ikiwa imezimwa tu, Zepp Life ile iliyokuwa inaitwa Mi Fit wanayo. Na kama ulikuwa umefungua chati ya mdogo wako unasubiri iingie, WhatsApp yenyewe haitoi arifa kwa chati uliyoifungua, sasa saa ipeleke nini? Nimeona watu wengi wanaharibu jaribio hivyo, wanakodolea simu na saa kwa pamoja. Zima skrini, weka simu mezani, nenda kachote maji, ndo mtu atume.

#33 Mamu_Kimara
Nilikuwa nimeikodolea 😂

#34 Bin_Mkwezi
Salamu kutoka Maskati. Yangu inaleta WhatsApp zote lakini meseji za Kiarabu za kazini zinatoka visanduku vitupu, za Kiswahili zinasomeka. Nusu ya siku mkono wangu umejaa visanduku. Bosi akituma najua tu ametuma kitu, alichotuma sijui.

#35 Mtu_wa_Bati
Hiyo ni herufi hazimo ndani ya saa. Saa za bei ya chini zinabeba herufi za lugha chache kupunguza nafasi, na kilichokosekana kinachorwa kisanduku. Emoji nazo hivyohivyo. Kiswahili tumebahatika, tunatumia herufi zilezile za kawaida, hatuna mkia wala kofia juu ya herufi. Wakati mwingine sasisho la programu ya saa linaongeza lugha, angalia kwenye aplikesheni.

#36 kipara255
Emoji zangu zote ni visanduku. Kuna mtu kanitumia visanduku vitano na jina langu, mpaka leo sijui ananipenda au ananitukana.

#37 Mamu_Kimara
Wakuu!!! Nimewasha nyinginezo. WhatsApp Business imeingia!! Nimefanya na jaribio la Dulla la kuchota maji, imetetemeka mkono nikamwaga ndoo nusu. Mungu awabariki wote hata Kipara.

#38 Ngoja_Waje
Walikuja.

#39 Mamu_Kimara
Ni mimi tena. Kile kitufe cha nyinginezo kinaleta KILA KITU. Hali ya hewa. Simu imefika chaji asilimia 80. Aplikesheni ya Kurani na ya Biblia ya mdogo wangu aliyowahi kuingia kwenye simu yangu. WhatsApp yenyewe inaniambia inatafuta meseji mpya, halafu haileti meseji. Leo kwenye gari mkono umetetemeka mpaka abiria wa pembeni kaniuliza dada una malaria? Na chaji ambayo ilikuwa inakaa wiki sasa siku mbili.

#40 Fundi_Chogo
Sasa rudi nyuma. Si kwenye saa, kwenye simu. Nenda arifa, zima za aplikesheni moja moja usizozitaka, maana ambacho simu haikioneshi, saa haina cha kuiga. WhatsApp ukiingia kwenye arifa zake kuna makundi makundi, ile ya kutafuta meseji mpya na ile ya kuhifadhi nakala ziko peke yake, unaweza kuzizima ukaacha za meseji. Kazi ya dakika ishirini na kikombe cha chai.

#41 Mpole_wa_Tegeta
Naomba nitoe ushuhuda ili mtu asiingie kichwa kichwa. Niliunganisha nikafurahi kama dada hapo juu. Jumapili tumekaa mezani na familia, mkono uko juu ya meza karibu na bakuli la mchuzi, ikatetemeka, ikawaka, ikaandika jina na mstari mzima wa maneno. Mke wangu hakuvaa miwani siku hiyo lakini aliyasoma. Tangu hapo saa inahesabu hatua tu na hatua nyingi ni za kutoka sebuleni kwenda chumba cha wageni.

#42 Nesi_wa_Zamu
Pole. Meseji ilisemaje?

#43 Mpole_wa_Tegeta
Ilisema "umefika salama?" Na nilikuwa nimesema natoka kanisani.

#44 Babu_Waya
Ndo maana mimi nilikaa na vitaa.

#45 kebo_nyeusi
Kwa walio kwenye hali ya Mpole, WhatsApp ina kufuli la kidole, ndani yake kuna sehemu ya kuonesha maandishi kwenye arifa, ukiizima arifa inakuja "ujumbe mpya" bila jina wala maneno, na saa inapata hichohicho tu.

#46 Mpole_wa_Tegeta
Umechelewa kwa miezi minne mkuu.

#47 jini_la_ofisi
Mimi natumia iPhone, huko kwenu kwenye milango na vidoti sikujui. Kwetu ukishaiunganisha, ingia bluetooth, pembeni ya jina la saa kuna kialama cha i, ukigusa utaona kitufe cha kuiruhusu ipate arifa za simu, washa, kwisha. Hakuna kuchagua aplikesheni kwa aplikesheni kwa saa nyingi za bei nafuu, inachukua kinachotokea pale juu.

#48 kipara255
Mtu wa iPhone na saa ya elfu 22. Umebana wapi umeachia wapi.

#49 Mamu_Kimara
Nisameheni kuwasumbua, sasa kuna jipya. Nimezima takataka zote kama Chogo alivyosema, imetulia, meseji za WhatsApp zinaingia vizuri tangu naamka. Ila ikifika saa nne asubuhi hivi WhatsApp inakata. SMS zinaendelea, simu zikipigwa zinaendelea. Jioni nikirudi nyumbani inarudi. Siku tatu mfululizo.

#50 dulla_betri
Saa nne uko ofisini?

#51 Mamu_Kimara
Ndio naingia saa tatu na nusu.

#52 dulla_betri
Na WhatsApp unaifungua kwenye kompyuta ya ofisi. Imeisha hiyo. Ukiwa hewani kwenye kompyuta, simu inanyamazishwa isikusumbue mara mbili, na saa inaiga simu. Ikiwa kimya simu, kimya na saa. Funga ile ya kompyuta uone.

#53 Pwani_Kisauni
Mie nasema ni betri. Yaanza safari asubuhi imejaa, saa nne ishashuka, simu yaingia kwenye kuokoa betri yenyewe. SMS zapita maana ni za simu yenyewe, WhatsApp yacheleweshwa. Mwulizeni asilimia ngapi saa nne.

#54 Fundi_Chogo
Pwani kama ni kuokoa betri kungeiua aplikesheni ya saa, na SMS zisingefika kwenye saa. Hapo ni WhatsApp yenyewe.

#55 Pwani_Kisauni
Nimesema WhatsApp ndiyo yacheleweshwa, si ya saa. Soma uzi 😁

#56 Mtu_wa_Bati
Kuna la tatu. Simu nyingi zina ratiba ya usinisumbue, mtu aliiweka zamani kwa ajili ya kikao akasahau. Na saa nayo ina ya kwake kwenye menyu, kale kamwezi. Angalia zote mbili. Ingawa ya saa ingezima na SMS... labda ya simu ina ruhusa kwa SMS. Sijui, angalia tu.

#57 Mamu_Kimara
Kamwezi hakajawaka. Kompyuta kweli nilikuwa nafungua WhatsApp, jana sijafungua kabisa, ikaendelea mpaka saa saba ndo ikakata. Betri ilikuwa asilimia 31. Na Jumamosi nilikuwa nyumbani, kompyuta hakuna, betri iko kwenye chaji, ikakata saa tano nikaizima na kuiwasha ile ruhusa ya ufikiaji wa arifa ikarudi.

#58 dulla_betri
Kwa hiyo ya kompyuta ilikuwepo na nyingine ikawepo.

#59 Zuzu_la_Mjini
Kuizima na kuiwasha ruhusa ikarudi maana yake ni ile huduma ya kusoma arifa inajitenga yenyewe, inatokea aplikesheni ikisasishwa au ikianguka. Lakini SMS zingekata na zenyewe. Au SMS inazichukua kwa ruhusa ya SMS moja kwa moja, si kwa arifa. Dada, uliipa ruhusa ya kusoma SMS?

#60 Mamu_Kimara
Niliipa kila ilichoomba, nilikuwa nimechoka.

#61 Mzee_Tanuru
Mmeona.

#62 Fundi_Chogo
Zuzu hapo umepiga penyewe, au karibu. Ila bado haielezi kwa nini jana imefika saa saba. Dada wiki hii kila ikikata andika saa ngapi, betri ngapi, na kitu gani ulikuwa umefungua, uje utuambie.

#63 Mamu_Kimara
Sawa fundi. Nitaandika kwenye daftari la vitenge. Kwa sasa nimemwambia mdogo wangu akiona sijajibu atume SMS.

#64 mgeni_wa_leo
Wakuu habari, na mimi nina saa kama hiyo, yangu meseji zinaingia vizuri tu ila muda uko nyuma masaa matano, nifanyeje? Sijasoma komenti zote.

#65 kipara255
Iunganishe na simu ndo itachukua muda wa simu. Au hamia China ukaikute saa iko sahihi.

#66 Mtu_wa_Bati
Kipara, China wako mbele yetu masaa matano. Ingekuwa inasoma muda wa China ingekuwa mbele, yake iko nyuma.

#67 mgeni_wa_leo
Samahani, iko mbele. Nilikuwa nimeivaa juu chini.